Dalali Asiyeonekana: Uuzaji kwa Kamisheni Mtandaoni na Nafasi ya Mwanablogu wa Kiswahili

Utangulizi

Neno dalali liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka mzizi wake una maana ya kuonyesha au kuelekeza. Dalali humwonyesha mnunuzi mahali mali ilipo, kisha hulipwa ujira biashara inapokamilika. Mali si yake, duka si lake, na bidhaa ikiharibika ghalani hasara haimfiki. Mtaji wake ni mambo mawili tu: kulijua soko na kuaminiwa na watu. Matumizi ya neno lenyewe hutofautiana. Nchini Kenya dalali aghalabu ni yule anayeendesha mnada, naye haruhusiwi kufanya kazi hiyo bila leseni, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1996. Katika miji ya Tanzania anayefikiriwa kwanza ni yule anayewatafutia watu nyumba za kupanga. Hata hivyo, katika hali zote mbili mnunuzi anajua wazi kwamba anazungumza na dalali.

Makala haya yanadhamiria kueleza kazi ambayo vijana wengi wa vyuo vyetu wameingia, au wanashawishiwa kuingia: kuuza bidhaa za watu wengine kupitia blogu na mitandao ya kijamii kwa malipo ya kamisheni. Majina inayopewa ni mengi. Wapo waiitao uuzaji shirikishi, wapo waiitao uwakala wa mtandaoni, na wapo wasemao tu "afilieti" kana kwamba Kiswahili kimeishiwa. Maoni yetu ni kwamba kazi hii si ngeni hata kidogo, ni udalali. Kilicho kigeni ni kwamba dalali wa mtandaoni anaweza kuimaliza kazi yake yote bila mnunuzi kutambua kwamba dalali alikuwapo. Hilo ndilo tunalonuia kulichunguza, kwa sababu faida na hatari za kazi hii zote zimefungamana nalo.

Kiungo na kidakuzi

Mwezi Julai mwaka 1996 kampuni ya Amazon, ambayo wakati huo ilikuwa duka la vitabu tu, ilianza kuwalipa wenye tovuti waliowaelekeza wanunuzi kwake. Haikuwa ya kwanza. Duka la muziki la CDNow lilikuwa na utaratibu wa namna hiyo tangu mwaka 1994. Lakini Amazon ndiyo iliyoueneza, na muda si mrefu ukakutana na uvumbuzi mwingine. Mwaka 1999 kampuni ndogo ya Pyra Labs ilitoa huduma ya Blogger, iliyomwezesha mtu asiyejua lugha ya tarakilishi kuchapisha maandishi yake mtandaoni. Google iliinunua mwaka 2003, na mwaka huohuo ikazindua AdSense, mpango wa kuwalipa wenye tovuti kwa matangazo yanayowekwa na Google yenyewe. Kabla ya hapo blogu ilikuwa shajara ya hadharani. Baada ya hapo ikawa pia kibanda cha biashara.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuuelewa. Mwanablogu hujisajili kwa mwenye duka, akapewa nambari yake. Kila anapotaja bidhaa katika makala yake, huweka kiungo ambacho ndani yake mna nambari hiyo. Msomaji akibofya, hupelekwa dukani, na wakati huohuo duka huacha katika kivinjari chake faili ndogo ya maandishi inayokumbuka alikotoka. Faili hiyo kwa Kiswahili cha mtandaoni huitwa kidakuzi. Waingereza wanaita biskuti, jina lisilomfundisha mtu chochote. Kidakuzi, kwa sikio la msemaji wa Kiswahili, liko karibu na mdaku na udaku, nayo kazi yake ni hiyohiyo: kumpelekea mwenye duka habari za nyendo za mtu.

Kidakuzi kina muda wake wa kuishi. Katika mpango wa Amazon huishi saa 24. Msomaji akiweka bidhaa katika kikapu chake kabla ya saa hizo kwisha, dalali huweza kulipwa hata kama ununuzi utakamilika ndani ya siku 90. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba malipo hayafungwi na bidhaa iliyotajwa. Msomaji aliyebofya kiungo cha kamusi, akaghairi kamusi na kununua viatu, humletea dalali kamisheni ya viatu. Mwanablogu, kwa hiyo, halipwi kwa ushauri wake kuhusu kamusi. Hulipwa kwa kumfikisha mtu mlangoni.

Kanuni iliyozoeleka katika biashara hii ni kwamba anayelipwa ni yule ambaye kiungo chake kilibofywa mwisho kabla ya ununuzi. Kanuni hii imezaa ulaghai wa aina nyingi. Mwaka 2010 waendesha mashtaka nchini Marekani waliwashtaki watu wawili waliokuwa miongoni mwa mawakala wakubwa wa eBay. Walidaiwa kupandikiza vidakuzi katika tarakilishi za watu ambao hawakubofya tangazo lolote, ili watu hao wakija kununua kitu eBay kwa hiari yao, kamisheni iende kwa wakala asiyefanya lolote. Wote wawili walikiri makosa na mwaka 2014 wakahukumiwa vifungo. Miaka kumi baadaye, mwezi Desemba 2024, lawama za namna nyingine ziliiangukia Honey, programu ya kutafutia punguzo la bei ambayo PayPal ilikuwa imeinunua kwa takriban dola bilioni 4. Ilidaiwa kwamba mnunuzi anapofika mahali pa kulipia, programu hiyo hukiondoa kidakuzi cha mwanablogu aliyemwelekeza na kuweka chake. Kesi zilifunguliwa, PayPal ilijitetea kwamba inafuata desturi za biashara hii, ikiwemo hiyo kanuni ya kiungo cha mwisho. Mahakama ziamue vyovyote, tukio hilo lilifichua jambo moja: hata dalali mwenyewe anaweza kuporwa na dalali mwingine asiyeonekana.

Hesabu ya kamisheni

Wanaowashawishi wanafunzi kuingia katika kazi hii hupenda kuonyesha picha za mapato. Ni nadra waonyeshe hesabu. Tuchukulie basi mfano wa kubuni, na msomaji anaweza kubadilisha tarakimu atakavyo. Makala imesomwa na watu 1,000. Kati yao 30 wanabofya kiungo, na kati ya hao 30 mmoja ananunua rununu ya shilingi 6,000. Kamisheni ikiwa asilimia 5, mwanablogu anapata shilingi 300. Kama makala hiyo ilimgharimu siku mbili za kuandika na pesa za data, mshahara wake ni huo. Ili apate shilingi 30,000 kwa mwezi anahitaji wasomaji 100,000 wa namna hiyohiyo, na wasomaji 100,000 hawapatikani kwa kuandika makala mbili wala tatu.

Kiwango cha kamisheni nacho hakimo mikononi mwake. Tarehe 21 Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya janga la Korona na watu wakinunua mtandaoni kuliko wakati wowote, Amazon ilipunguza viwango vyake. Samani na vifaa vya ukarabati wa nyumba vilishuka kutoka asilimia 8 hadi 3. Vyakula vya dukani kutoka asilimia 5 hadi 1. Watu waliokuwa wamejenga tovuti kwa miaka mingi juu ya viwango vya zamani walipewa taarifa ya wiki moja tu.

Kisha kuna kodi. Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023 ilianzisha kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi anayepata pesa kutokana na maudhui ya kidijitali. Pendekezo la awali lilikuwa asilimia 15. Sheria hiyo ilibatilishwa yote na Mahakama ya Rufaa mwezi Julai 2024, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha uhai wake mwezi Oktoba mwaka huohuo. Katika orodha ya mapato yanayolengwa, uuzaji kwa kamisheni umetajwa bayana. La kushangaza ni kwamba ufafanuzi uliomo unasema kamisheni hupatikana hadhira inapobofya bidhaa inayoonyeshwa. Mtu aliyefanya kazi hii hata kwa wiki moja anajua kwamba, katika mipango mingi, kubofya pekee hakulipi senti. Kinacholipa ni ununuzi, tena ununuzi ambao haukurudishwa dukani.

Udalali na upatu

Ni muhimu kuutenga udalali na jambo jingine linalovaa mavazi yake. Dalali hulipwa bidhaa inaponunuliwa na mtu anayeihitaji. Katika mpango wa piramidi mtu hulipwa kwa sababu ameleta mtu mwingine aliyelipa kiingilio, na yule naye halipwi mpaka alete wengine. Watanzania huiita mipango hii upatu, na hapa tunaona neno jema limedhulumiwa, kwani upatu wa asili ni ule mchezo wa haki wa watu wanaofahamiana kuchangiana kwa zamu. Kenya ilishuhudia wimbi la mipango iliyoporomoka na akiba za watu katika miaka ya 2006 na 2007. Tanzania ilikuwa na DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009. Mwaka 2021 Wakenya wengi walipoteza pesa zao katika mpango uliojinasibisha na jina la Amazon pasipo kuwa na uhusiano wowote na kampuni hiyo. Wanachama walilipa kwanza, wakaahidiwa ujira kwa kazi ndogondogo za kubofya runununi.

Kipimo ni kimoja na hakihitaji shahada ya uchumi. Mpango halali wa kamisheni haumtozi dalali kiingilio. Akidaiwa pesa ili apewe nafasi ya kuuza, basi bidhaa inayouzwa ni yeye. Kuna aina ya katikati ambayo ni ngumu zaidi kuikemea: mtu anauza mafunzo ya jinsi ya kutajirika kwa kublogu, na njia kuu ya kutajirika inayofundishwa humo ni kuwauzia wengine mafunzo hayohayo. Sheria huenda isiikute hatia yoyote. Mwanafunzi aliyeuza rununu yake ili alipie mafunzo hayo atakuwa na maoni yake.

Kufahamiana kwa wanablogu

Blogu haisomwi kwa kuwa ipo. Husomwa kwa kuwa blogu nyingine imeitaja, au mtu amemtumia mwenzake. Wanablogu wa mwanzo wa Kiswahili walilijua hilo vizuri. Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa uandishi huo kwa blogu yake ya Jikomboe, alijulikana kwa kuwahimiza wengine waanzishe zao. Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, alianza yake mwaka 2005 na ikawa mojawapo ya zilizosomwa sana na Waswahili wa ughaibuni. Blogu za wakati ule ziliorodhesha blogu rafiki pembeni mwa ukurasa, na msomaji alihama kutoka moja hadi nyingine kama mgeni anayepelekwa nyumba kwa nyumba.

Kutaja huku kuna thamani ya pili. Mtambo wa kutafutia wa Google, tangu waasisi wake walipouelezea mwaka 1998, umehesabu viungo kama aina ya ushahidi: tovuti inayoelekezewa viungo vingi na tovuti zinazoheshimika huhesabiwa kuwa na jambo la maana. Mara tu kiungo kilipokuwa na thamani, kiliuzwa. Ndipo mwaka 2005 ikaletwa alama ya kuandika ndani ya kiungo ili kuuambia mtambo usikihesabu, na mwaka 2019 Google ikaongeza alama maalumu kwa viungo vilivyolipiwa, vikiwemo vya kamisheni.

Tuliangalie jambo hili kwa makini. Alama hiyo imo katika msimbo wa ukurasa, mahali ambapo macho ya msomaji hayafiki. Mwanablogu mwangalifu huiweka, kwa sababu mtambo ukigundua amewaficha madalali wake utamshusha katika matokeo ya utafutaji. Tarakilishi huko ng'ambo inaambiwa waziwazi, "Hapa pana udalali." Binadamu anayesoma makala hiyohiyo, ambaye ndiye atakayetoa pesa mfukoni, haambiwi.

Nchini Marekani tume inayosimamia biashara ya haki ilirekebisha miongozo yake mwaka 2009 ili iwahusu wanablogu moja kwa moja: mwenye kulipwa ili asifu bidhaa sharti aseme. Miongozo hiyo ilifanyiwa marekebisho tena mwaka 2023. Amazon nayo humdai kila wakala aseme katika tovuti yake kwamba hupata kipato kutokana na ununuzi. Kwetu Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu, na kinalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya adabu. Mwanablogu hatakiwi kusubiri kukumbushwa na sheria. Akisoma Kifungu hicho atajiona humo.

Mwanablogu wa Kiswahili

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba lugha ya blogu haina uzito katika hesabu. Ina uzito mkubwa. Amazon haina duka katika Afrika Mashariki. Duka lake la kwanza kusini mwa Sahara lilifunguliwa Afrika Kusini mwezi Mei 2024. Mwanablogu wa Kakamega au wa Lamu anayetegemea viungo vya Amazon anahitaji msomaji anayeishi mahali bidhaa zinapofika kwa urahisi, yaani Marekani au Ulaya. Msomaji huyo, isipokuwa Mswahili wa ughaibuni, anasoma Kiingereza. Kwa hiyo mpango ambao haukumkataza mtu yeyote kuandika kwa Kiswahili unamsukuma kimyakimya aiache lugha. Kijana wa Kenya huketi akaandika tathmini za mashine za kukatia nyasi ambazo hajawahi kuzigusa, kwa Kiingereza cha kuazima, akimwandikia mtu wa Ohio ambaye hatamfahamu kamwe. Anakuwa dalali asiyelijua soko, na tulisema mwanzoni kwamba kulijua soko ni nusu ya mtaji wa dalali.

Waliojaribu njia ya Kiswahili hawakuwa na mteremko pia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotolewa Tanzania mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wawe na leseni ambazo ada zake, zikijumlishwa, zilizidi shilingi milioni 2 za nchi hiyo. Baadhi ya blogu zilifungwa na wenyewe. Kamisheni ya shilingi mia tatu mia tatu haiwezi kulipia leseni ya namna hiyo.

Hata hivyo, kuna udalali unaomfaa mwanablogu wa Kiswahili, nao hauhitaji kidakuzi. Jumia, iliyoanzishwa mwaka 2012, imekuwa na mpango wa mawakala uitwao JForce, ambapo wakala huwaagizia watu bidhaa na kulipwa kamisheni. Lakini si lazima hata kampuni kubwa iwepo. Mwanablogu anayehakiki riwaya na tamthilia za Kiswahili anaweza kukubaliana na mwenye duka la vitabu mjini kwake: kila msomaji atakayetaja neno fulani wakati wa kununua atapunguziwa bei kidogo, na mwishoni mwa mwezi mwenye duka atahesabu waliolitaja na kutuma ujira kwa M-Pesa. Utaratibu huu una sifa moja ambayo kiungo hakina. Mnunuzi mwenyewe ndiye anayelitamka jina la dalali, kwa kinywa chake, mbele ya muuzaji. Hakuna anayeweza kulifuta dakika ya mwisho na kuweka lake, na hakuna asiyejua kinachoendelea. Mwanablogu naye anaandika kuhusu kitabu alichokisoma, kwa lugha anayoimudu, kwa watu ambao huenda akakutana nao barazani wakamuuliza kwa nini alikisifu.

Mapato yake yatakuwa madogo kwa muda mrefu, na wengi hawatavumilia. Sababu ya kuyataja ni kwamba udhaifu wa udalali wa viungo hautokani na udogo wa malipo tu. Mwanablogu anayelipwa bidhaa inaponunuliwa ana sababu ya kuisifu kila siku na hana sababu ya kuikosoa hata siku moja. Anayeandika tahakiki anafahamu ugumu huo: tahakiki ambayo haiwezi kusema "kitabu hiki hakifai" si tahakiki tena. Njia mojawapo ambayo baadhi ya waandishi huitumia ni kuweka kiungo au neno la punguzo kwa bidhaa zote wanazozizungumzia, wanazozisifu na wanazozikosoa, ili msomaji aone kwamba sifa haikununuliwa. Njia nyingine ni kuandika tahakiki kwanza na kutafuta mapatano na duka baadaye.

Imebaki sentensi yenyewe ya kujitangaza, ambayo kwa Kiingereza imekwisha kuwa msemo wa kisheria usiosomwa. Nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili ni nzito, zimejaa "washirika" na "ununuzi unaostahiki", na mtu wa kawaida hawezi kujua ameambiwa nini. Inatosha kuandika: "Mimi ni dalali wa duka hili, ukinunua kwa kupitia kwangu, nitalipwa na mwenye duka, na bei yako haitaongezeka." Kama bei itaongezeka, sehemu ya mwisho ibadilishwe. Mahali pake ni juu ya kiungo cha kwanza, kwa herufi za ukubwa uleule wa makala, ili anayesomea kwenye rununu aione kabla kidole chake hakijabofya.